Unga wa glutamini kwa watoto wa SS: unasaidia nini, na unaishia wapi

Kwenye rafu za farmasi na maduka ya vyakula vya wanamichezo mijini, katikati ya makopo ya protini na vitamini, kuna kopo lenye maandishi L-Glutamine. Ndani yake mna unga mweupe, hauna harufu, na ladha yake ni hafifu sana. Liliwekwa pale kwa ajili ya vijana wanaonyanyua vyuma. Ila wanaoliulizia si vijana hao peke yao. Kuna pia wazazi wa watoto wa SS, waliosikia kwamba huko Marekani unga huo ulikubaliwa kuwa dawa ya ugonjwa wa mtoto wao.

Habari hiyo si uongo. Tatizo ni kwamba inafika nusu, na ile nusu inayobaki njiani ndiyo ingemsaidia mzazi kuamua kama pesa ya mwezi inunue kopo hilo au iende kwingine.

Tuanze na kitu chenyewe. Asidi amino ni vipande vidogo ambavyo mwili unaviunganisha ili kutengeneza protini, kama herufi zinavyounganishwa kutengeneza maneno. Zinazotumika kwa kazi hiyo ni 20, na glutamini ni moja kati yao. Mwanakemia Ernst Schulze na mwenzake, waliokuwa wakifanya kazi Zürich nchini Uswisi, waliitoa katika maji ya bitiruti mwaka 1883. Baadaye ikajulikana kwamba kati ya asidi amino zote zinazotembea katika damu yetu, hakuna iliyo nyingi kuliko hiyo. Misuli ndiyo kiwanda chake kikubwa. Seli za utumbo zinaichoma kama makaa ili zipate nguvu, seli za kinga vilevile, na figo zinaitumia kuondoa asidi mwilini.

Mtu mwenye afya hana haja ya kuinunua. Mwili unaitengeneza wenyewe, na chakula kinaongeza: samaki, nyama, mayai, maziwa, maharagi, hata sambaza wa ziwa Kivu kwenye sahani ya bukari. Lakini zipo nyakati ambapo mwili unaimaliza haraka kuliko unavyoitengeneza, kwa mfano baada ya kuungua vibaya au upasuaji mkubwa. Ndiyo sababu wataalamu wa lishe wanasema kwamba glutamini si ya lazima siku zote, bali inakuwa ya lazima mwili ukiwa taabani.

Kwa vijana wa vyuma jibu ni fupi. Majaribio yaliyofanywa kwa uangalifu hayajaonyesha kwamba glutamini inakuza misuli ya mtu mwenye afya ambaye tayari anakula protini ya kutosha. Mayai yangewafaa zaidi, na bei yake inajulikana sokoni.

Kwa mtoto wa SS jibu ni refu, kwa sababu ugonjwa huo wenyewe unatokana na asidi amino moja.

Chembe nyekundu za damu zimejaa hemoglobini, protini inayobeba oksijeni. Hemoglobini ina minyororo ya aina mbili, na mmoja wao, unaoitwa beta, una asidi amino 146 zilizopangwa kwa mstari. Kwa mtu asiye na ugonjwa, nafasi ya 6 inakaliwa na asidi glutamiki. Kwa mwenye SS, nafasi hiyo imechukuliwa na asidi amino nyingine inayoitwa valini. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba hemoglobini ya wagonjwa hawa ni tofauti na ya watu wengine; miaka michache baadaye Vernon Ingram, aliyekuwa Cambridge nchini Uingereza, akaonyesha kwamba tofauti yote ni hiyo herufi moja. Herufi moja kati ya 146. Inatosha kufanya hemoglobini ishikamane na kuwa kama nyuzi ngumu pale oksijeni inapopungua, na chembe ikapinda kama mundu. Chembe zilizopinda zinaziba mishipa midogo, na hapo ndipo inapokuja krizi: maumivu ya mifupa, ya mgongo, ya kifua, yanayomfanya mtoto alie usiku kucha. Chembe hizo pia zinakufa mapema. Ya kawaida inaishi siku kama 120, hizi zinaishi siku 10 hadi 20 tu, na mtoto anabaki na upungufu wa damu.

Nchini mwetu hili si jambo la familia chache. Uchunguzi uliofanywa Kinshasa kwa watoto wachanga zaidi ya 31,000, matokeo yake yakatolewa mwaka 2009, ulikuta kwamba 1.4 kwa kila 100 walizaliwa na SS, yaani karibu mmoja kwa kila 70, na karibu 17 kwa kila 100 walikuwa AS, wanaobeba bila kuugua. Kila wodi ya uzazi yenye shughuli nyingi inazaa watoto hao, mara nyingi bila mtu kujua.

Sasa, mtu akisikia kwamba ugonjwa umetokana na kukosekana kwa asidi glutamiki, halafu akaona kopo la glutamini, akili inakimbia yenyewe: hiki ndicho kinachokosekana, nimpe mtoto, nafasi ya 6 itajazwa. Ni fikra nzuri, lakini si sahihi. Kwanza, glutamini na asidi glutamiki ni ndugu, si kitu kimoja. Pili, na hili ndilo kubwa, mtoto wa SS hakosi asidi glutamiki mwilini. Anayo kama sisi. Kilichoharibika ni maagizo. Jeni aliyorithi kwa baba na kwa mama inasema: hapa weka valini. Hata akinywa ndoo nzima ya unga, kiwanda kitaendelea kufuata maagizo hayo. Kwa hiyo anayeuza glutamini akisema kwamba inaponya SS, au kwamba inageuza SS kuwa AS, anadanganya, hata kama amevaa koti jeupe.

(Na kwa kuwa kuna watakaouliza: kiungo kinachoongeza ladha katika kibe cha supu ni glutamati, ndugu mwingine wa familia hiyohiyo. Si dawa ya SS, na chumvi iliyomo si rafiki wa figo.)

Basi unga huo unafanya nini? Maelezo yanayotolewa ni haya. Chembe yenye hemoglobini ya S inashambuliwa bila kupumzika na aina kali za oksijeni, mfano wa kutu inavyokula bati. Ili ijilinde, inahitaji molekuli iitwayo NAD, na kwa wagonjwa hawa uwiano wa NAD umevurugika. Glutamini ni moja ya malighafi zinazotumika kuitengeneza. Chembe ikijilinda vizuri, inashikamana kidogo zaidi na ukuta wa mshipa, na mishipa inaziba mara chache zaidi. Hata hivyo, maelezo rasmi ya dawa hiyo huko Marekani yenyewe yanasema kwamba namna kamili inavyofanya kazi haijaeleweka yote.

Mtu aliyeshikilia wazo hili kwa miaka mingi ni daktari Yutaka Niihara wa California. Mwaka 1998 yeye na wenzake walitangaza matokeo ya wagonjwa 7 tu, watu wazima, waliokunywa gramu 30 kwa siku kwa majuma 4. NAD yao ilibadilika kuelekea pazuri na walisema wanajisikia afadhali. Watu 7 si ushahidi wa kutosha, na walilijua hilo. Ilichukua karibu miaka 20 kufika kwenye jaribio kubwa, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2018 katika jarida la New England Journal of Medicine.

Jaribio hilo lilikuwa na wagonjwa 230, kuanzia watoto wa miaka 5 hadi watu wazima, wote nchini Marekani, na kila mmoja alikuwa amepata krizi zisizopungua 2 katika mwaka uliotangulia. Kikundi kimoja kilipewa glutamini kwa majuma 48, kingine unga unaofanana nao lakini usio na dawa, na hakuna aliyejua anakunywa upi. Karibu theluthi mbili ya wote walikuwa tayari wanatumia hidroksiurea, na waliendelea nayo. Matokeo: mgonjwa wa katikati katika kikundi cha glutamini alipata krizi 3, yule wa kikundi cha pili alipata krizi 4. Kulazwa hospitalini: mara 2 dhidi ya mara 3. Na lile tatizo la kutisha la kifua, ambalo linafanana na nimonia kali na linaua, lilimpata mgonjwa 8.5 kwa 100 katika kikundi cha glutamini, dhidi ya 23.1 kwa 100 katika kikundi kingine.

Kwa matokeo hayo, Julai 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu glutamini hiyo iuzwe kama dawa kwa wagonjwa wa SS wenye umri wa miaka 5 na zaidi, kwa jina la Endari. Hii ndiyo nusu ya habari iliyotufikia.

Nusu ya pili ni hii. Katika jaribio hilo wagonjwa wengi waliacha njiani: kati ya 152 waliopewa glutamini, 97 tu ndio waliofika mwisho. Watu wengi wakiondoka namna hiyo, hesabu za mwisho zinaanza kutiliwa shaka. Wataalamu wa mamlaka ya dawa ya Ulaya walizitilia shaka kweli. Mwaka 2019 walitoa maoni ya kukataa, na kampuni ikaondoa ombi lake. Dawa ileile, takwimu zilezile, upande mmoja wa bahari ikakubaliwa, upande mwingine ikakwama. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hapo ndipo glutamini inapopaswa kuwekwa: kitu chenye dalili nzuri, faida yake ni ya wastani, na ushahidi wake una tundu. Pia jaribio lilifanyika mahali ambapo hakuna malaria. Mtoto wa SS wa Kisangani au Kalemie anapigana na maadui wawili kwa pamoja.

Tufanye sasa hesabu ya kopo, kwa sababu wauzaji hawaifanyi. Kipimo kilichokubaliwa na FDA kinafuata uzito. Aliye chini ya kilo 30 anakunywa gramu 5 asubuhi na gramu 5 jioni. Kuanzia kilo 30 hadi 65, gramu 10 mara mbili. Zaidi ya kilo 65, gramu 15 mara mbili. Mtoto wa kilo 20 kwa hiyo anamaliza gramu 10 kwa siku, gramu 300 kwa mwezi, kilo 3 na zaidi ya nusu kwa mwaka. Mtu mzima wa kilo 70 anamaliza gramu 30 kwa siku. Kopo la gramu 300 linampeleka siku 10. Kwa mwaka atahitaji karibu kilo 11. Na si dawa ya kunywa siku ya maumivu kisha kuiweka. Krizi ikishaanza, kijiko cha glutamini hakiizimi.

Huko Marekani, dawa yenyewe ya Endari inagharimu makumi ya maelfu ya dola kwa mwaka kwa mtu mzima. Unga wa wanamichezo ni rahisi zaidi, na kikemia glutamini safi ni glutamini safi. Ila nani amepima kilichomo kwenye kopo? Dawa inapita kwenye mikono ya mamlaka ya dawa, kwetu ni ACOREP. Kopo la wanamichezo linaingia kama chakula, halikuandaliwa wala kupimwa kwa ajili ya mgonjwa. Mengine yamechanganywa na kafeini, kreatini au sukari. Kafeini nyingi inaweza kumwongezea mtu mkojo, na mtoto wa SS akipungukiwa maji mwilini, krizi haiko mbali.

Linalouma zaidi ni kwamba wakati kopo hili linatafutwa, kuna dawa nyingine yenye ushahidi mzito zaidi, na sehemu ya ushahidi huo ilipatikana hapahapa nyumbani. Ni hidroksiurea, dawa ya zamani ya vidonge. Inaufanya mwili utengeneze tena hemoglobini ile ya mtoto akiwa tumboni, ambayo haishikamani na kupinda kama ya S. Jaribio lililoitwa REACH lilipima dawa hiyo katika nchi 4: Angola, Kenya, Uganda na DRC. Kwetu ilikuwa katika hospitali ya Monkole, Kinshasa, na Profesa Léon Tshilolo ndiye mwandishi wa kwanza wa ripoti iliyotoka mwishoni mwa 2018. Watoto 606 wa umri wa mwaka 1 hadi 10 walianza dawa. Kabla ya dawa, kwa kila watoto 100 kwa mwaka, krizi za maumivu zilikuwa 98. Baada ya dawa zikawa 45. Kuongezewa damu kulishuka kutoka mara 43 hadi 14. Malaria, ambayo wengine waliogopa kwamba ingeongezeka, ilishuka kutoka 47 hadi 23. Vifo vilishuka kutoka 3.6 hadi 1.1.

Weka takwimu hizo kando ya krizi 4 zilizokuwa 3. Tazama pia umri: glutamini imekubaliwa kuanzia miaka 5, huku makadirio ya Afrika yakisema kwamba zaidi ya nusu ya watoto wanaozaliwa na SS bila kugunduliwa wanafariki kabla ya kufika umri huo. Hidroksiurea ilitolewa katika REACH kuanzia mwaka mmoja.

Si kwamba hidroksiurea ni maji. Inaweza kushusha chembe nyeupe za damu, kwa hiyo damu inapimwa mara kwa mara, na haifai kwa mjamzito. Haipatikani kila mahali, na vipimo vinalipiwa. Hiyo ndiyo sababu mzazi wa mbali anaona kopo ni njia fupi. Lakini akiwa na pesa ya kitu kimoja tu, pesa hiyo ina kazi nyingi kabla ya kufika kwenye glutamini: hidroksiurea na kipimo cha damu, penisilini ya kuzuia maambukizi kwa mtoto mdogo, chanjo ya nimonia, kinga ya malaria na chandarua, asidi foliki, maji ya kunywa ya kutosha, sweta siku za baridi. Kwa Kinshasa, kituo cha wagonjwa wa SS cha Yolo kinajulikana. Kwingine, mahali pa kuanzia ni hospitali kuu ya eneo.

Kuna wasiopaswa kuigusa glutamini bila daktari kuwaona. Figo zinazougua na ini lililochoka vinashindwa kushughulikia nitrojeni inayotokana nayo, na ugonjwa wa SS unaharibu figo polepole kwa miaka, mara nyingi bila dalili. Mwaka 2013 jaribio lingine lililohusisha wagonjwa mahututi zaidi ya 1,200 huko Canada, Marekani na Ulaya lilionyesha kwamba waliopewa glutamini nyingi walikufa kwa wingi zaidi kuliko wasiopewa. Hao walikuwa watu ambao viungo vyao vilikuwa vinashindwa, si watoto wanaocheza nyumbani. Hata hivyo inatosha kukanusha ule msemo wa dukani kwamba asidi amino ni chakula tu, haiwezi kudhuru. Mgonjwa aliyelazwa hali yake ikiwa mbaya asipewe unga kwa siri na ndugu zake.

Madhara ya kawaida katika lile jaribio la SS yalikuwa kufunga choo, kichefuchefu, maumivu ya kichwa na ya tumbo, kikohozi, na maumivu ya mikono, miguu, mgongo na kifua. Ukiisoma orodha hiyo utaona tabu yake: nusu yake ni dalili za ugonjwa wenyewe.

Aliyekwisha kununua kopo asilitupe. Alibebe aende nalo kwa daktari anayemfuatilia mtoto, maandishi yote yasomwe, figo na ini vipimwe kwanza. Daktari akikubali, iongezwe juu ya dawa nyingine, isichukue nafasi yake. Unga unachanganywa katika glasi ya maji au maziwa yasiyo ya moto, au katika uji uliopoa, kisha unanywewa palepale; si lazima uyeyuke wote. Usipikwe wala usiachwe ndani ya maji hadi kesho, kwa kuwa glutamini inavunjika kwenye joto na majini haidumu. Na mzazi awe na daftari la kuandika tarehe za krizi, za kulazwa na za kuongezewa damu, akianzia na miezi iliyopita anayoikumbuka. Tofauti iliyoonekana Marekani ilikuwa krizi moja katika majuma 48, kwa hiyo kopo la mwezi mmoja haliwezi kumwonyesha kitu, kiwe kizuri au kibaya.